Kushusha Injini ya Pikipiki na Kuipandisha Kwenye Gari: Mwongozo Kamili

Anayetaka kutengeneza kigari cha injini ya pikipiki mara nyingi huanza kwa kutafuta injini. Anazunguka mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, anaikuta moja imelala sakafuni, waya zake zimekatwa karibu na kava, na muuzaji anaapa kwamba ilishushwa juzi ikiwa inawaka vizuri. Usiinunue. Nunua pikipiki nzima inayotembea, kisha uifungue wewe mwenyewe. Injini ni zaidi ya lile donge la aluminiamu. Ni kabureta iliyopimwa kwa ajili yake, ni sidiai (kisanduku kinachopanga muda wa cheche za plagi), koili, magneti inayozalisha umeme, rektifaya inayougeuza umeme huo uchaji betri, ekzosi, kisanduku cha hewa, nyaya zote na hata swichi ya ufunguo. Kikikosekana kimoja utakitafuta mji mzima, na ukikipata hutakuwa na uhakika kama ndicho chenyewe.

Kazi hii imefanywa siku nyingi na watu makini. Mwaka 1946 kule Uingereza, John Cooper na wenzake waliunganisha vipande vya mbele vya magari mawili madogo ya Fiat, wakafunga nyuma ya dereva injini ya pikipiki aina ya JAP ya cc 500 na kuendesha matairi kwa cheni. Mwaka 1955 BMW ilianza kuuza Isetta, gari dogo lenye injini ya silinda moja ya cc 247 iliyotokana na pikipiki yao. Ilikuwa na nguvu ya farasi 12, ikabeba mwili wa takriban kilo 350 na kufika kilomita 85 kwa saa. Shika namba hizo, kwa sababu boda ya cc 150 iliyoegeshwa nje ya nyumba yako nayo ina nguvu ya farasi 12 hivi. Kigari chako kikizidi uzito wa Isetta, injini itateseka.

Pikipiki ipi

Boda ya cc 125 au 150 inayopozwa kwa upepo ndiyo rahisi kuipata, na spea zake zipo kila kona, Arusha na Moshi. Inafaa kigari chepesi cha mabomba cha mtu mmoja au wawili, ambacho chenyewe hakizidi kilo 250. Guta, yaani pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, huwa na injini kubwa zaidi, cc 200 mpaka 250 kwa nyingi, na baadhi zina rejeta ya maji. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inakuja na propela shafti, difu na gia ya rivasi, vitu ambavyo boda haina na ambavyo ndivyo vinavyowakwamisha watu wengi. Kwa anayeanza nashauri guta. Bajaji ya abiria pia ina injini, gia, difu na rivasi katika mwili mmoja, kwa hiyo kama lengo lako ni gari litembee tu, itazame kwa makini kabla ya kushikilia pikipiki.

Pikipiki kubwa za cc 600 kwenda juu zina nguvu ya kutosha gari la kweli. Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, yenye cc 1,299, imefungwa kwenye magari mengi madogo ya michezo huko Ulaya. Lakini za aina hiyo huendeshwa na kompyuta, na kwa zilizotoka baadaye kompyuta hiyo mara nyingi inatambua ufunguo wake halisi tu. Ukinunua ya namna hiyo bila ufunguo halisi umenunua chuma.

Kadi kwanza, spana baadaye

Boda nyingi mjini ziko kwenye mkataba: kijana anapeleka hesabu kwa mwenye mali mpaka deni liishe, na kadi inabaki kwa mwenye mali. Kwa hiyo anayekuuzia anaweza asiwe mmiliki hata kama ameiendesha miaka miwili. Ongea na aliyeandikwa kwenye kadi. Linganisha namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na namba ya injini iliyogongwa kwenye kava la kranki, herufi kwa herufi, na kama namba imekwanguliwa ondoka. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Pita pia ofisi za TRA, Mamlaka ya Mapato, ueleze unachotaka kufanya kabla hujakata chochote. Kadi ya chombo cha moto hubeba namba ya injini na namba ya chasisi, na injini ikihamia kwenye mwili mwingine hilo linagusa kadi mbili. Ni rahisi zaidi kuuliza mapema kuliko kujieleza kwa trafiki pale Kisongo ukiwa na chombo ambacho hakuna karatasi inayokitambua.

Iendeshe kabla ya kuifungua

Iwashe ikiwa ya baridi kabisa. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa anaficha injini ngumu kuwaka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Sikiliza cheni ya taimingi upande wa silinda, maana inapolegea hutoa mchakacho. Kisha panda nayo mlima, Arusha au Moshi hukosi mlima, ukiwa gia ya tatu au ya nne, na ufungue akseleta yote. Mlio wa injini ukipanda wakati pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza, na klachi inayoteleza kwenye pikipiki itaungua kwenye gari siku ya kwanza.

Pima kompresheni kwa geji, injini ikiwa ya moto na akseleta imefunguliwa yote. Kama ni ndogo, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tatizo huenda liko kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Injini iliyochoka ifanyie matengenezo ikiwa bado kwenye pikipiki, ambapo unaweza kuiendesha na kujua imepona.

Vipimo ambavyo huwezi kuvipata tena

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ukishaishusha injini, habari nyingi zinapotea na hakuna wa kukuambia.

Simamisha pikipiki wima, matairi yote mawili sakafuni, mahali palipo sawa. Weka pima maji ubavuni mwa injini na uchore kwa msumari mstari mlalo kwenye kava. Mstari huo ndio utakaokuambia injini ilale vipi kwenye gari. Ukiiinamisha mbele au nyuma kuliko ilivyokuwa, pampu inaweza kunyonya hewa badala ya oili, na kiwango cha mafuta ndani ya kabureta kitakuwa si sahihi, injini itafurika au kukauka bila sababu unayoiona.

Pima kutoka kwenye tundu moja la bolti za kushikilia injini mpaka katikati ya sproketi ndogo, kwa urefu, kimo na upana. Pima umbali kati ya matundu yote. Pima kimo cha chini ya tanki kutoka kwenye kabureta: pikipiki nyingi hazina pampu ya mafuta, mafuta yanashuka yenyewe, kwa hiyo ukiweka tanki chini ya kabureta lazima ufunge pampu. Pima waya wa klachi unavutwa milimita ngapi pale kwenye mkono wa injini ukibana klachi mpaka mwisho. Pedali utakayotengeneza itapaswa kuvuta kiasi hicho hicho. Ikizidisha, inaharibu klachi. Ikipunguza, gia zitakwaruza.

Piga picha kila upande, karibu na mbali, hasa nyaya zinavyopita na mipira ya hewa inavyochomekwa.

Kuifungua

Siku moja kabla, nyunyizia dawa ya kulegeza kutu kwenye nati za ekzosi pale kichwani. Bolti zake zimezamishwa kwenye aluminiamu, na moja ikikatikia ndani ni kazi ya kutoboa na kuweka uzi mpya. Ikigoma, ipashe moto kidogo na uizungushe mbele na nyuma, usiilazimishe upande mmoja.

Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, halafu sabuni. Usipeleke maji ya presha kwenye soketi za nyaya wala kwenye kabureta.

Ondoa betri, ukianza na waya wa hasi. Mwaga mafuta yote ya tanki kwenye dumu la chuma na ulipeleke mbali na gereji, hasa kama jirani anachomelea. Ondoa siti, makava ya ubavuni na tanki. Sasa, kabla ya kugusa cheni, ingiza gia, mwambie msaidizi akanyage breki ya nyuma, na ulegeze nati au bolti za sproketi ndogo. Ukishatoa cheni hakuna kitu kitakachoizuia isizunguke, na wengi huishia kuigonga kwa tindo.

Nyaya zina utaratibu wake. Usikate hata moja. Kila soketi unayotaka kuichomoa, izungushie tepu ya karatasi pande zote mbili, uandike namba ile ile kwenye kila upande, na kwenye daftari uandike namba hiyo inaunganisha nini na nini. Usiziamini rangi, kwani pikipiki iliyopita kwa mafundi wa umeme wawili watatu huwa na waya mwekundu mahali pa mweusi. Ukimaliza, toa fungu lote la nyaya likiwa zima, pamoja na swichi ya ufunguo, sidiai, koili, rektifaya, rili ya stata na kishikio cha fyuzi. Kama pikipiki ni ya kompyuta, chukua pia kila sensa, ikiwemo ile inayozima injini pikipiki inapoanguka, na uandike ilikuwa imesimama vipi. Ukiifunga kwenye gari ikiwa imelala, injini haitawaka na utasaka kosa siku nyingi.

Baada ya hapo toa kisanduku cha hewa, kabureta, ekzosi, waya wa akseleta, waya wa klachi na mkono wa gia. Ziba matundu ya hewa na ya ekzosi kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea ndani utafungua kichwa. Mwaga oili iwe ya vuguvugu na uichungulie chini ya tochi. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa vya kushikika si vya kawaida.

Injini ya boda watu wawili wanaibeba. Weka jeki na kipande cha ubao chini yake, toa bolti zote isipokuwa moja ndefu ya nyuma, kisha mmoja ashike na mwingine aisukume bolti hiyo. Kwa injini nzito kuna njia nzuri zaidi: laza pikipiki taratibu juu ya matairi ya zamani upande ambao injini itaegemea, toa bolti, halafu nyanyua fremu iache injini hapo ilipo. Kila kundi la bolti liingie kopo lake lenye jina. Hata kipande unachodhani hakina kazi, kiweke mpaka siku kigari kitakapotembea.

Iwashe sakafuni

Hatua hii wengi wanairuka, nami naihesabu kuwa ya lazima. Tengeneza kisimamio kidogo cha angle iron, funga injini kwa bolti zake zile zile, na uhakikishe ule mstari uliochora umelala sawa. Chukua kipande cha plaiwudi, tandaza juu yake fungu la nyaya na vifaa vyake vyote, kila kimoja kwa skrubu, na uunganishe kwa kufuata daftari. Funga waya mnene kutoka hasi ya betri mpaka kwenye mwili wa injini. Kwenye pikipiki fremu ilikuwa inafanya kazi hiyo.

Ning'iniza chupa ya mafuta juu ya kabureta, weka oili, washa. Isipowaka, tazama kwanza swichi za usalama: ya stendi, ya klachi na ya gia huru. Kila moja inaweza kuzuia moto. Hapa una injini mezani, kila waya unaonekana, na ulijua inawaka kabla. Kosa litaonekana upesi. Likitokea baada ya kufungwa ndani ya gari, utakuwa unalala chini na tochi mdomoni.

Ikishawaka na kutulia, plaiwudi hiyo ibebe kama ilivyo mpaka kwenye gari. Nyaya za taa unaweza kuzirefusha, lakini zile zinazohusu moto wa plagi usiziguse.

Kuipandisha

Arusha ina mafundi wanaokata chasisi za Land Cruiser na kuzirefusha kwa ajili ya utalii. Mchoro wa mabomba na uchomeleaji wa sehemu zinazobeba uzito wapelekee wao au mtu aliyefundishwa VETA, chuo cha ufundi, hata kama unajua kushika mashine. Ondoa magneti na kompyuta kwenye mzunguko wa umeme, au uchomelee kabla injini haijapanda.

Injini itazame upande ule ule ilioutazama kwenye pikipiki. Ukiigeuza nyuma mbele, sproketi inazunguka kinyume, na gari litapata gia tano za kurudi nyuma bila hata moja ya kwenda mbele. Sproketi ndogo na kubwa ziwe kwenye mstari mmoja, uhakikishe kwa kunyoosha kamba kando yake, na uweke namna ya kukaza cheni. Juu ya cheni weka kava la bati nene, kwa sababu ikikatika inaruka kuelekea kwa dereva.

Uwiano wa gia ufanyie hesabu badala ya kukisia. Tuseme injini hupunguza mzunguko mara 3.3 ndani yake, gia ya mwisho ni moja kwa moja, na sproketi zina meno 14 na 42, yaani mara 3. Jumla ni karibu 10. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, tairi litazunguka mara 700. Tairi dogo la rimu ya inchi 12 lina mzunguko wa mita 1.64 hivi, kwa hiyo ni mita 1,148 kwa dakika, karibu kilomita 69 kwa saa. Kwa kigari chenye injini ya boda hiyo ni gia ndefu mno, yaani ya mwendo kuliko nguvu, klachi itaungua ukiondoka. Weka sproketi kubwa ya meno 52 na mwendo unashuka mpaka kilomita 56, ila kitapanda mlima wa kuelekea Ilboru bila kulia. Nachagua hiyo siku zote.

Kwa rivasi, difu la guta na kisanduku chake cha gia ndiyo njia safi. Mkono wa gia uunganishe kwa fimbo yenye viungio badala ya waya, maana gia ya pikipiki inahitaji kusukumwa na kuvutwa, na waya mrefu hupinda ukisukumwa. Breki ziwe za gari, za majimaji, kwenye matairi yote manne, na pedali ya akseleta iwe na springi ya pili ya kuirudisha.

Joto, mwinuko na umeme

Silinda ya boda ilizoea kupigwa na upepo. Ndani ya gari upepo huo haupo, na injini itachemsha hata kwenye foleni fupi ya Sanawari. Tengeneza kava la bati linaloizunguka silinda na kuelekeza hewa ya feni kwenye mapezi yake. Hewa ya moto ipate pa kutokea, mbali na tanki. Kumbuka tu kwamba magneti ya boda ilitengenezwa kuhudumia taa moja ya wati 35 au karibu na hapo, wakati taa mbili za kawaida za gari ni wati 110 tayari. Tumia taa za LED na feni ndogo, kisha pima betri injini ikizunguka kwa mwendo wa kawaida. Ikiwa haifiki volti 13, unatumia zaidi ya unachozalisha.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi wako 12 ni 10 tu hapa. Kabureta nayo hutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi yenye masizi, na dawa ni kuweka jeti kubwa (tundu kuu la mafuta ndani ya kabureta) ya saizi ndogo kidogo mpaka plagi iwe ya kahawia isiyokolea. Lakini ukishuka Moshi, ambako ni chini kwa mita 500 hivi, jeti ile ile itakuwa inabana mafuta. Plagi ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto, kwa hiyo rudisha jeti ya zamani kabla ya safari na si baada.

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Klachi inaogelea ndani ya oili hiyo, na oili nyingi za gari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Weka mpaka alama ya juu. Pikipiki huinama kwenye kona na oili yake ikabaki chini ya pampu, gari haliinami, oili inakimbilia pembeni. Kwa boda ya mwendo mdogo kujaza vizuri kunatosha. Kwa injini kubwa lazima ufunge vizuizi vya bati ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Kilomita za kwanza

Anzia uwanjani au shambani, si barabara kuu. Endesha kama kilomita 5, simama, gusa kila bolti ya kushikilia injini kwa spana, pima ulegevu wa cheni, tazama oili. Rudia kwa kilomita 20, kisha 50. Cheni mpya hurefuka mwanzoni na chuma kipya kilichochomelewa hujipanga, kwa hiyo kulegea kidogo si jambo la kutisha, ila bolti ile ile ikilegea mara mbili tafuta mahali panapocheza kabla hujaendelea. Nyufa hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu au wa rangi iliyopasuka kando ya mshono.

Fremu ya pikipiki iliyobaki bado ina namba iliyosajiliwa. Isiende kwa wauza chuma chakavu wala kwa rafiki anayetaka kuifungia injini nyingine mpaka umemaliza suala lake TRA na una karatasi mkononi.